Nilikukabidhi Mume Wangu

*Gongju. Mwaka wa Chui Milia, mwezi wa nne, siku ya tisa*

Mdogo wangu Deokso,

U hali gani huko kwa mfalme? Sisi tu wazima. Shayiri imetoka vizuri isipokuwa kona ya chini, ambako mto ulipanda. Kaburi la mama nimelifyeka mwenyewe, maana mtumishi uliyemwachia kazi hiyo anafyeka kama anayenyoa kondoo mgonjwa. Binti yangu Borim ametimiza miaka minane na meno yake ya mbele yametoka yote mawili kwa mpigo. Ukimwambia ataje jina lako anakurushia mate. Anataka kujua kama upanga wa mjomba ni mrefu kuliko ule wa marehemu babu.

Sasa lililonikalisha mbele ya wino. Jungsik ameniandikia kwamba ametolewa chumba cha kumbukumbu na kutiwa kwenye kundi la waandishi wanaofuatana na mfalme katika matembezi yake. Yeye anaona ni heshima. Lakini unamjua shemeji yako: vikombe viwili vya pombe ya mchele vinamlaza, na kabla hajalala husema kila kinachopita kichwani. Wewe ni mlinzi wa mfalme, mko safari moja. Mtupie jicho. Mume sina mwingine, ndugu sina mwingine. Nimekukabidhi.

Sohwa

*Jumba la mapumziko la mfalme, nje ya Gaegyeong. Mwaka wa Chui Milia, mwezi wa saba, siku ya pili*

Dada, nakuamkia kwa heshima.

Mwambie Borim upanga wangu ni mrefu kuliko wa babu, ila mwenye ule wa babu alikuwa analishwa vizuri zaidi. Unisamehe kwa mwandiko wangu; shemeji akiuona atasema kuku amekanyaga wino.

Tangu mwezi wa tano hatujakaa Gaegyeong, makao ya mfalme, siku tatu mfululizo. Mfalme akiona kilima chenye ukungu anasimama. Waandishi wanashuka, mikeka inatandikwa, pombe inafunguliwa, wanatunga mashairi. Sisi tunasimama pembeni na mikuki mpaka wamalize, mvua inyeshe isinyeshe. Juzi wawili wa kikosi changu walizirai kwa njaa. Mwandishi mmoja kijana, hata ndevu hajaota, akatutupia mifupa ya bata na kutunga papo hapo shairi la mbwa wanaolinda karamu. Waandishi wote, na kofia zao nyeusi, wakacheka. Shemeji naye alicheka, Dada. Sikufichi.

Baadaye alinifuata nyuma ya zizi la farasi, amefunga keki za mchele kwenye mkono wa joho lake.

"Shemeji, nisingecheka wangenitazama vibaya," akasema.

"Na ulivyocheka, nimekutazama mimi," nikamjibu.

Akainamisha kichwa, akaziacha keki juu ya jiwe, akaondoka. Nilizila. Nilikuwa na njaa.

Usihangaike, jicho langu liko kwake. Ila maofisa wetu wazee, waliokuwa wakinung'unika kutwa kucha, wiki hizi wamenyamaza kimya. Hilo silipendi.

Deokso

*Gongju. Mwaka wa Chui Milia, mwezi wa kumi, siku ya ishirini*

Deokso,

Borim mzima. Mimi mzima. Mavuno yameingia ghalani, siwezi kukumbuka kiasi gani.

Wachuuzi wa chumvi wanasema Gaegyeong kuna vichwa kwenye miti kutoka lango la kusini hadi sokoni. Wanasema mfalme amepelekwa kisiwani na mdogo wake ndiye aliyekaa kitini. Wanasema yeyote aliyekutwa na kofia ya mwandishi alikatwa. Nimewauliza: na makarani wadogo je, waliotoka chumba cha kumbukumbu, wasio na jina? Wakatazamana, wakaanza kufunga mizigo yao.

Nimekutumia barua mbili hujajibu. Sitaki maelezo. Andika neno moja tu, yupo au hayupo.

*Gaegyeong. Mwaka wa Chui Milia, mwezi wa kumi na mbili, siku ya sita*

Dada,

Natumaini baridi haijaharibu kaburi la mama. Mimi ni mzima. Nimepandishwa cheo, nina watu mia chini yangu.

Hayupo, Dada.

Nimekaa na neno hilo siku nne nikitafuta lingine la kuweka mahali pake. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa nane, jua linazama. Mfalme alikuwa ameshaingia ndani. Amri ilitoka kwa wakubwa: tuvue kofia zetu na kufunua bega la kulia ili tujuane, na kila mwenye kofia nyeusi, hata karani wa chini kabisa, asibaki. Walikatwa wakiwa bado na vikombe mkononi. Yule kijana wa shairi la mbwa alipanda msonobari. Walimchoma mikuki kutoka chini, kama watu wanaoangua matunda. Maiti walitupwa bwawani nyuma ya jumba, mpaka maji yakapanda ngazi. Kesho yake tuliingia mjini, ikawa vivyo hivyo nyumba kwa nyumba.

Mimi nilikuwa lango la nje. Shemeji sikumwona. Nimesikia tu kwamba alikuwamo. Mifupa ya kukupelekea sina.

Nakutumia karatasi yenye muhuri wa kikosi changu. Ibandike langoni na isiguswe. Askari watafika huko pia. Usimtaje Jungsik mbele ya mtu usiyemjua, na vitabu vyake vifukie.

Nisamehe kwa kutoweza kumlinda.

Deokso

*Gongju. Mwaka wa Joka, mwezi wa tatu, siku ya kumi na tano*

Mdogo wangu,

Nimekaa kimya zaidi ya mwaka. Nilikuwa kwenye nguo za msiba, na katani ile inakwaruza vidole hata kalamu haishikiki. Sasa tumeivua. Borim ana miaka kumi, anasoma kuliko mimi. Ng'ombe mwekundu amezaa pacha, mmoja amekufa.

Muhuri wako unafanya kazi. Hakimu wetu mpya ni askari asiyejua kusoma, lakini muhuri anaujua. Familia tatu za waandishi zimefukuzwa hapa Gongju, na mzee Seok, aliyekuwa akifundisha watoto kuandika, amenyongwa ndani ya ghala lake mwenyewe. Kwetu askari wanaitazama ile karatasi, wanainama, wanapita. Borim naye amejifunza kuwainamia.

Pyo, yule aliyekuwa kikosini mwako, amerudishwa nyumbani baada ya kupoteza mkono. Alipita hapa mwezi jana. Alikula mabakuli matatu, akaniita mama, akaongea mpaka chai ikapoa.

Sina la zaidi. Ujitunze.

Sohwa

*Gaegyeong. Mwaka wa Joka, mwezi wa tano, siku ya kwanza*

Dada, nakuamkia. Nafurahi kwa pacha wa ng'ombe, pole kwa yule mmoja.

Pyo alisema nini? Yule ni mlevi, mkono wenyewe aliupoteza kwenye ugomvi wa kamari. Nijibu upesi. Alisema nini?

*Kambini, mbele ya Mji Mkuu wa Magharibi. Mwaka wa Farasi, mwezi wa kumi na mbili, siku ya kumi*

Dada, nakuamkia kwa heshima, mimi nisiyejibiwa.

Hii ni barua ya tano. Wabebaji wa posta wanaapa wanakukabidhi mkononi, kwa hiyo najua u hai. Basi nitasimulia habari zangu kama anayeongea na ukuta wa jirani.

Mwanzoni mwa mwaka huu watawa walikuja kuishambulia Gaegyeong, zaidi ya elfu mbili, na fimbo na mapanga, wakitaka wakubwa wetu waondoke. Tuliwangoja langoni. Mtawa mmoja mzee alikuja moja kwa moja kwangu, mkononi hana kitu ila shanga zake. Nikamwambia, "Babu, rudi." Akasema, "Nirudi wapi, mwanangu? Mmeshachoma hekalu." Mtu wa nyuma yangu akamchoma mkuki juu ya bega langu. Tulichoma mahekalu mengine matano wiki ile. Sanamu za shaba ziliyeyuka zikatiririka ngazini.

Sasa tuko hapa kaskazini. Gavana wa mji huu ameasi, anasema atalipiza kisasi cha mfalme wa zamani. Hatujaweza kuuvunja ukuta. Mto umeganda, na waliokufa kwenye shambulio la kwanza wamesimama ndani ya barafu mpaka kiunoni, nyuso zimetugeukia. Watu wangu wamewapa majina. Kila asubuhi wanawaamkia.

Niandikie, hata matusi. Borim ana miaka kumi na miwili sasa, si ndiyo?

Deokso

*Gongju. Mwaka wa Kondoo, mwezi wa nane, siku ya tatu*

Deokso,

Tu wazima. Borim ana miaka kumi na mitatu. Ananipita kimo.

Umeomba habari, nakupa za huku. Unakikumbuka kijiji cha Sutgol, kule juu kwa wachoma mkaa, ambako baba alikuwa akikupeleka kuona tanuri? Hakimu amewaongezea mkaa wa kutoa mara tatu katika miaka minne. Miti ya karibu imekwisha, wanakwenda milimani siku mbili kuitafuta. Soebau, yule fundi wa tanuri aliyekutengenezea kombeo ulipokuwa mdogo, alipungukiwa mzigo mmoja mwezi wa sita. Yeye alikuwa mlimani, hivyo askari wakamfunga mkewe kwenye mlango wa tanuri, tanuri ikiwaka. Alikufa siku ya tatu. Mimi na Borim tulimwosha. Ngozi ya mgongo ilibaki kwenye kitambaa.

Soebau hakulia wala hakupiga kelele. Alikuja kwangu akakaa jikoni, akaniuliza, "Bibi, hao wanaoua wakubwa kule mjini, nao si walikuwa watu wa chini?" Nikamwambia ndiyo, walikuwa. "Basi inawezekana," akasema.

Borim ananiuliza kila wiki kwa nini karatasi ya mjomba bado iko langoni. Namwambia mvua inaingia bila hiyo.

Sohwa

*Gaegyeong. Mwaka wa Nyani, mwezi wa pili, siku ya nne*

Dada, salamu nyingi, hakuna muda.

Tumesikia wachoma mkaa wa Sutgol wameungana na wafinyanzi na wakulima, wameuteka mji wa Gongju na hakimu wamemning'iniza. Nimetolewa kaskazini na kupewa watu mia tatu. Jeshi kubwa litapita barabara kuu kwa ngoma ili wote walitazame. Mimi nitazunguka mashariki, kwenye ule mkato mwembamba tuliokuwa tukiuita Koo la Bata, nitatokea nyuma yao tarehe kumi na nane.

Ondoka nyumbani kabla ya siku hiyo. Mchukue Borim mwende ng'ambo ya mto kwa binamu zetu. Amri ni kwamba asibaki mtu, na askari wakishaanza hawasomi karatasi langoni. Nimekuandikia njia nitakayopita ili usije ukakimbilia huko huko ukakutana nasi.

Ukimaliza kusoma, choma.

Deokso

*Kambi ya majeruhi, Cheongju. Mwaka wa Nyani, mwezi wa tano, siku ya ishirini*

Dada,

Nimeambiwa nyumba yetu imesalia, na kwamba wewe na Borim mlivuka mto. Nashukuru.

Hizi ndizo habari zangu. Tuliingia Koo la Bata tarehe kumi na nane, asubuhi, mmoja mmoja, farasi tunawavuta kwa hatamu. Tulipofika katikati, mtu mmoja juu ya mwamba akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama muuza duka, "Wameingia wote?" Mwingine akajibu, "Bado mkia." Wakangoja mkia uingie. Kisha yakaja magogo yanayowaka, yamepakwa lami ya msonobari, na nyuma yake mawe. Farasi waliungua wakatukanyaga. Waliofika chini ya mwamba wakapigwa na mashoka ya kupasulia kuni. Sitini na watatu wangu wamekufa, Dada, wengi wao vijana walioandikishwa baada ya mavuno. Gogo lilinibana mguu wa kushoto mpaka jioni. Goti limekwisha.

Walionusurika walitoka mle wamegeuka kitu kingine. Jeshi kubwa lilipofika waliomba waachiwe Sutgol, wakaachiwa. Mimi nilikuwa nimelala kwenye machela, sikuamuru, wala sikukataza. Moshi niliuona.

Watu wawili tu duniani walijua kwamba nitapita Koo la Bata: mkubwa wangu aliyenituma, na wewe.

Uliichoma ile barua?

*Gongju. Mwaka wa Nyani, mwezi wa saba, siku ya kwanza*

Deokso,

Leo hakuna habari za ng'ombe.

Sikuichoma. Niliisoma kwa sauti jikoni kwangu, Soebau amekaa pale ulipozoea kukaa wewe. Nilipomaliza aliniomba nirudie jina la mahali, nikarudia.

Sasa uliyoniuliza mwaka wa Joka. Pyo alidhani najua. Alipomaliza kula alisema, "Mama, ulimsameheje afande? Mimi nilikuwepo zizini, mumeo alimwita shemeji, na bado akammaliza." Nikamwongezea chai. Nilitaka afike mwisho. Akafika.

Tangu siku ile mpaka leo nimepita chini ya muhuri wako kila asubuhi. Sikuweza kuubandua: Borim alikuwa na miaka kumi, na nje ya lango walikuwa wanaume wa aina yako. Nimekula ulinzi wako kama mgonjwa anavyokula dawa chungu. Na wewe ukaniandikia lango la nje. Ukaniandikia sikumwona. Ukaomba msamaha wa kutoweza kumlinda!

Nataka ujue na hili. Sikusoma barua ile kwa ajili ya mke wa Soebau, ingawa Borim anaamini hivyo. Nilitaka ufe. Nimezika watu arobaini na mmoja wa Sutgol, wengine wameshikana hawaachaniki, ikabidi wakae shimo moja. Soebau walimwingiza kwenye tanuri yake. Vijana wako sitini na watatu, nao mama zao wako mahali wanangoja. Wote hao wamekufa. Niliyemtaka amebaki na mguu mmoja mbovu.

Sitaandika tena mpaka wewe useme kwa kalamu yako mwenyewe.

*Gaegyeong. Mwaka wa Nguruwe, mwezi wa kumi, siku ya nane*

Dada,

Sijui kama unasoma bado maandishi yangu. Nilitolewa jeshini mwaka ule ule, natembelea gongo. Ninakaa chumba kimoja karibu na lango la mashariki, na mjane wa jirani hunipikia uji. Hizo ndizo habari za nyumbani kwangu.

Mwezi jana jenerali aliyekuwa akitawala nyuma ya kiti cha mfalme aliuawa na kamanda kijana, yeye na wanawe, katika siku moja. Sasa wanawakusanya waliokuwa wake. Cheok, aliyekuwa mkubwa wangu siku ile, kichwa chake kiko sokoni, na mdomo wazi. Orodha inasomwa kila asubuhi. Kukimbia siwezi, na kusema kweli sitaki. Nilichotaka ni kwamba nikifa usiwe umeachiwa maneno ya Pyo peke yake.

Jua lilikuwa linazama. Jungsik aliitupa kofia yake akakimbilia zizini, akaingia chini ya hori la majani. Sikuwa lango la nje, nilikuwa uani, nikamwona akikimbia, nikageuza uso upande mwingine makusudi. Hilo ndilo jema pekee nililofanya siku ile. Lakini Cheok aliona mguu. Akamvuta nje. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka hapo, bega wazi, upanga tayari una damu ya wengine.

Jungsik aliponiona uso wake ulifunguka. "Shemeji!" akasema. "Mwambie. Mwambie mimi ni wenu."

Cheok akanigeukia. "Kumbe ni wenu? Basi mhudumie mwenyewe. Si vizuri afe kwa mkono wa mgeni."

Watu wakacheka. Walikuwa kama wanane, Pyo mmoja wao.

Miaka tisa nimejaribu kujishawishi kwamba nilifikiri, kwamba nilipima: nikikataa tutakufa wawili, Sohwa atabaki hana mtu. Sikufikiri hivyo. Niliogopa, na ndani ya hofu kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kilichomkumbuka akicheka na wenzake siku ya mifupa. Nilimchoma chini ya mbavu. Haikutosha, aliushika upanga kwa mikono yake miwili. Nikauvuta, vidole vikakatika, nikamchoma tena shingoni. Kisha nilimbeba mwenyewe mpaka bwawani. Sikutaka wamburute.

Ulinikabidhi. Nilimuua mimi.

Ya Koo la Bata sikudai kitu.

Deokso

*Gongju. Mwaka wa Nguruwe, mwezi wa kumi na moja, siku ya pili*

Deokso,

Nimesoma. Nimempa Borim naye akasoma. Ana miaka kumi na saba, siwezi kumsomea nikiruka mistari. Alikaa kisimani mchana kutwa, aliporudi alisema anakuja Gaegyeong. Nikamwambia haendi peke yake.

Tunaanza safari kesho. Usikimbie, na kama orodha inasomwa, jifiche mpaka tufike. Uliyoniandikia utamwambia yeye usoni. Ukiwa umeshauawa, nitakuosha, kwa sababu mama hangetaka uoshwe na watu wasiokujua. Hayo ndiyo yote ninayoahidi.

*Gaegyeong. Mwaka wa Panya, mwezi wa pili, siku ya kumi na tisa*

Dada, nakuamkia kwa heshima.

Natumaini mlifika nyumbani salama, na kwamba barafu ya mtoni haikuwasumbua. Jina langu halijasomwa. Mjane anasema wameniona nikipita na gongo wakaona ni kupoteza upanga bure. Pengine nimesahaulika tu.

Naandika kwa jambo moja. Ulikuwepo Borim alipoingia, ulikuwa umekaa karibu na mlango, kwa hiyo uliona. Hakuvua viatu. Alisimama mbele yangu na ule uso wa baba yake, akanisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kuniita mjomba wala mbwa. Na nilipomaliza akaniuliza swali moja tu: "Alilia?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia baba yako alisimama wima, akanitazama machoni mpaka mwisho.

Kisha akataka aonyeshwe bwawa. Nilidhani atanisukuma humo, na nilienda nikijua hivyo. Alichota tope kwa mkono akalifunga kwenye kitambaa. Tuliporudi kupanda kilima alitembea polepole. Sijui kama alikuwa ananingoja mimi na gongo langu au alikuwa amechoka. Sikuthubutu kumuuliza.

Nilimdanganya, Dada. Alilia. Alipiga magoti kwenye mavi ya farasi, akalia kama mtoto, akanishika mkono wa nguo akitaja jina lako na lake. Miaka tisa nimekudanganya wewe, na siku niliyoapa kusema kweli nimemdanganya binti. Ukiona inafaa, mwambie. Likitoka kwako litamuumiza zaidi kidogo, au pungufu kidogo, sijui.

Deokso

*Gongju. Mwaka wa Panya, mwezi wa nne, siku ya kumi na mbili*

Deokso,

Tulifika. Barafu ilikuwa imeshapasuka, tulivuka kwa mtumbwi. Lile tope Borim amelizika kando ya mama na kuweka jiwe. Mwezi wa tisa ataolewa na kijana wa mfinyanzi, mmoja wa waliobaki. Bwana harusi atahamia kwetu, kama ilivyo desturi yetu. Nimempa chumba cha Jungsik.

Nilijua unadanganya tangu ulipofungua mdomo. Ndiyo maana nilitazama sakafu. Jungsik alilia siku ya harusi yetu, mbele ya wageni. Alilia Borim alipozaliwa. Kuku nilikuwa nachinja mimi, yeye akienda kusimama nyuma ya nyumba mpaka nimalize. Mtu kama huyo angesimamaje wima?

Borim amewasimulia wasichana wenzake, na majirani, na wazee wa Sutgol waliosalia, kwamba baba yake alimtazama muuaji wake machoni. Hasemi muuaji ni nani. Tangu turudi anatembea ameinua kidevu. Juzi afisa wa ushuru alimfokea langoni, naye hakuinama. Alisimama tu akimtazama, mpaka yule bwana akaanza kurekebisha mkanda wake bila sababu.

Sitamwambia. Wewe pia usimwambie, hata ukiwa unakata roho.

Harusini usije. Moyoni sijafika huko, na pengine sitafika. Lakini goti lako likiuma wakati wa mvua, lifunge kitambaa chenye chumvi ya moto, usimwachie yule mjane akupake mafuta ya nguruwe. Na uniandikie, kila mwezi.

Sohwa